Ukuta wa kati: shajara ya vipimo, Majengo, Moshi

Jumamosi, 8 Juni

Mchora ramani kanikwamisha kwa swali moja. Nilimpelekea vipimo vyote vya nyumba yetu ya hapa Majengo: vyumba, korido, milango, madirisha, mpaka choo cha uani. Jiko la nyuma paa limeoza. Nataka kulishusha, nifunge mkanda wa zege juu ya kuta na kupaua upya, na bila ramani hakuna kibali cha ujenzi. Jamaa akapitisha kidole kwenye karatasi yangu, akasimama kwenye mstari unaotutenganisha na nyumba ya Bibi, jirani yetu. "Na huu una unene gani?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa ndani ya nyumba hiyo na ukuta huo nimeuegemea tangu sijaota meno, lakini unene wake sijawahi kuuona. Ndiyo shida yake. Ukuta wa nje unaupima kwenye dirisha, wa chumbani unaupima kwenye mlango: unaweka tepu, umemaliza. Ukuta wa kati hauna mlango wala dirisha, na upande wake wa pili ni sebule ya watu.

Fundi wangu, niliyemkuta kwa mama ntilie, hakuona tatizo. "Andika inchi sita." Nikampigia mchora ramani palepale. "Inchi sita za tofali tupu, au na lipu?" Fundi akaendelea na chai yake.

Haya, daftari limefunguliwa.

Jumapili, 9 Juni

Njia ya kwanza ni ya mtoto wa darasa la tano. Pima uso wa nyumba zote mbili kwa nje, kona hadi kona. Toa kuta mbili za pembeni. Toa kila kilichomo ndani, kwetu na kwa Bibi. Kinachobaki ndio ukuta wa kati.

Nilipotoka kanisani nikapiga hodi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na tepu, mnauza nyumba?"

Nikamweleza. Akaniruhusu nipime nitakavyo, ila kochi lisisogezwe, nyuma yake kuna gunia la mahindi ya mbegu na yeye hataki panya waonyeshwe njia.

Tepu yangu ni ya mita 5 na uso wa nyumba ni mita 14 na ushee, kwa hiyo nje peke yake nimepima vipande vitatu nikitia alama za chaki. Ndani ni chumba, ukuta, korido, ukuta, sebule. Kwa Bibi vivyo hivyo. Ukiongeza kuta mbili za pembeni, vipimo 15. Nikakaa barazani na kalamu, nikajumlisha, nikatoa.

Sentimita 11.

Tofali la inchi sita lina sentimita 15 kabla hata hujaligusa kwa mwiko wa lipu. Yaani kwa hesabu zangu ukuta ni mwembamba kuliko tofali lililoujenga. Bibi aliuliza umetoka unene gani, nikamwonyesha kwa vidole. Akaupiga ukuta kofi la kiganja, ukatoa sauti ya kitu kizito. "Huu?" Akarudi kwenye mboga zake.

Jumatano, 12 Juni

Baridi ya Juni imetukalia. Manyunyu tangu asubuhi, Kibo hakijaonekana tangu Jumatatu. Kazi ya nje hakuna, nimebaki na makosa yangu.

Jambo ambalo sikuliwaza Jumapili ni hili: unene huu haupimwi, unabaki. Ukipima chumba vibaya kwa nusu sentimita, chumba cha mita 3 na nusu hakijali. Lakini hiyo nusu sentimita haipotei, inakwenda kukaa kwenye ukuta wa kati, kitu chembamba kuliko vyote kwenye orodha. Vipimo 15, kila kimoja kikikosea milimita 5, vingine juu vingine chini, makosa yanakulana na jibu linayumba kama sentimita 2. Vikikosea vyote upande mmoja, ni sentimita 7 na nusu.

Vya kwangu vilikosea upande mmoja. Nilijaribu tena leo kwenye sebule yetu nikaona kwa nini. Tepu ikipanda juu ya mgongo wa kochi kwa sentimita 20 katikati ya chumba cha mita 3 na nusu, namba inaongezeka milimita 23. Ikienda upande sentimita 20 kutoka ukuta hadi ukuta, inaongezeka karibu 6. Ikilegea na kuning'inia, inaongezeka pia, ingawa hiyo ni ndogo kuliko nilivyodhani: ikishuka sentimita 10 katikati ya mita 5 ni kama milimita 5 tu. Hakuna hata kosa moja la aina hii linalofupisha. Vyumba vyote vilirefuka kwenye daftari, na ukuta ndio uliolipa.

Halafu tepu yenyewe. Kile kibati cha mbele kinachochezacheza, siku zote nilidhani kimelegea kwa uzee. Kumbe kimetengenezwa kicheze, na kinacheza sawasawa na unene wa bati lake. Ukikinasa kwenye ukingo kinavutika mbele, ukikisukuma ukutani kinarudi nyuma, na sifuri inabaki sifuri kotekote. Cha tepu yangu kuna mtu alikigonga nyundo "kukikaza". Simtaji, ila anakula kwangu kila siku. Milimita moja haina neno ukiwa unakata mbao ya dari. Kwa kazi ya kuchukua kipimo cha nje na kutoa vya ndani, tepu ya namna hiyo inasema ukweli upande mmoja na uongo upande wa pili.

Nimenunua mpya pale Mbuyuni. Boksi lake limeandikwa pembeni milimita 70. Hiyo ni kwa vipimo vya ndani: badala ya kukunja tepu kwenye kona na kukisia, unasimamisha boksi ukutani, unasoma, unaongeza 70. Nimetumia tepu miaka yote hii bila kuusoma huo mwandiko.

Jumamosi, 15 Juni

Leo vipimo 3 badala ya 15.

Kitu nilichohitaji ni alama inayoonekana ndani na nje kwa wakati mmoja, kwetu na kwa Bibi. Nimelala nikiitafuta, kumbe nilikuwa naiangalia kila siku nikifungua pazia: nondo ya dirisha. Nondo moja, ile ile, ukiwa sebuleni unaiona na ukiwa barabarani unaiona. Dirisha letu la mbele na la Bibi yako kila moja upande wake wa ukuta wa kati. Basi pima nje kutoka nondo yetu hadi nondo ya Bibi. Ndani pima kutoka nondo yetu hadi ukutani. Kwa Bibi pima nondo yake hadi ukutani. Cha kwanza toa hivyo viwili. Korido, vyumba vya pembeni na kuta za nje haviingii kabisa, vibaki na siri zao.

Kazi iko kwenye kuihamisha nondo. Imekaa katikati ya unene wa ukuta wa mbele, tepu haiifikii ikiwa imenyooka. Nilichomoa kioo kimoja cha luva kila upande, nikapitisha ufito wa alumini, ule wa kusawazishia lipu, nikaubana kwenye nondo ukatokeza ndani na nje. Ufito huo lazima ukae skwea, yaani pembe mraba, na ukuta wa mbele. Ukipinda digrii moja tu, ncha iliyo sentimita 40 kutoka kwenye nondo inahama milimita 7, na tumerudi kulekule kwa Jumapili. Skwea ya chuma ya fundi ni fupi, nikatumia ile ya tangu zamani: sentimita 30 ukutani, 40 kwenye ufito, na kati ya alama hizo mbili tepu isome 50. Ikisoma 51, sogeza. Mjukuu wa Bibi, kijana wa kidato cha tatu, alishika upande wao na kila baada ya dakika anauliza kama ndiyo hii waliyoambiwa darasani haina kazi. Nikamwambia ashike vizuri.

Tukapima kutoka ukingo wa ufito unaoelekea ukuta wa kati, pande zote, kimo cha mita moja na robo kutoka sakafuni. Kimo kilekile kwetu na kwao tulikipata kwa mpira wa maji uliopitishwa dirishani, maana maji husimama usawa mmoja ncha zote mbili, kwa kuwa sakafu ya Bibi iko chini ya yetu kwa kama vidole vinne.

Nje: 2,846. Kwetu: 1,322. Kwa Bibi: 1,341. Ukutoa, milimita 183.

Tulifungua kila kitu, tukafunga upya, mara ya pili 185, ya tatu 181. Nikaandika 183. Tofali la inchi sita ni 150, inabaki 33, yaani lipu ya milimita 16 na kitu kila upande. Hivyo ndivyo lipu ilivyo duniani. Fundi alikuwa sawa, na nilimwambia hivyo, jambo ambalo najuta.

Wiki ya Idi

Hakuna kilichopimwa. Pilau imekuja kupitia barazani kama kila mwaka.

Jumamosi, 22 Juni

Nilidhani leo ni nusu saa. Nyumba ya mbele ina kina cha mita 7 na senti 40, halafu kuna jiko la nyuma, letu na la Bibi, mita 3 na senti 60, yamegusana hivyohivyo. Majiko hayana madirisha ya upande mmoja ila yana milango inayotazama uani. Nondo hakuna, lakini fremu ya mlango inaonekana ndani na nje, kanuni ni ileile.

Nje: 4,105. Kwetu: 1,870. Kwa Bibi: 1,905.

Milimita 330.

Kijana akasema nimekosea kutoa. Nikatoa tena. Tukapima tena: 328. Tena: 333. Kwa hiyo ukuta uleule, ambao ukiwa sebuleni una sentimita 18, ukifika jikoni una 33. Hakuna tofali la inchi sita lenye lipu la namna hiyo. Fundi alipoulizwa kwa simu akasema huenda nyuma walijenga kwa mawe. Sasa mimi nimeshampa sifa wiki iliyopita, inabidi nimsikilize.

Jumapili, 23 Juni

Nimempigia Mama, yuko kihambani Kibosho na migomba yake. Nikamuuliza ukuta wa jikoni ulijengwaje. Kimya kidogo, halafu: "Hebu muulize Bibi."

Nikaenda. Bibi akakung'uta kanga. "Kamuulize mama yako."

Jumatano, 26 Juni

Nimepanda darini. Nilipaswa kuanzia huku, ningeokoa wiki mbili, lakini mtu hapandi dari ya miaka hiyo kwa kupenda. Ngazi, tochi, kitambaa cha puani, unakanyaga kwenye mbao za kenchi tu maana dari yenyewe haibebi hata paka.

Sebuleni: ukuta wa kati unaishia palepale usawa wa dari. Haujapanda hadi bati. Nimesimama juu yake nikiona taa ya Bibi ikipenya kwenye nyufa za dari yake, na harufu ya vitunguu vyake imenifikia kabla yake. Juu ya ukuta hakuna lipu, tofali liko uchi, kwa hiyo nikapima chenyewe bila hesabu: 150, na mbele kidogo 151. Hiyo 183 imekubali.

Lakini nafasi hiyo imenikosesha raha. Tunajiona tuna ukuta kati yetu, kumbe kuanzia darini kwenda juu ni chumba kimoja kirefu cha mbao kavu kilichofunikwa bati. Ikishika moto upande mmoja, ukuta wa chini hauna la kufanya, moto unapita juu yake kama mgeni aliyekuta mlango wazi. London ilipoungua mwaka 1666, sheria ya kuijenga upya iliyopitishwa mwaka uliofuata ililazimisha tofali au mawe na ikapanga mpaka unene wa kuta, ukiwemo wa kati ya nyumba na nyumba. Siku hizi Uingereza wana sheria nzima ya ukuta wa pamoja, ya 1996. Sisi hapa tuna mimi na tochi.

Kuuziba nimepiga hesabu papo hapo: pembetatu yenye kitako cha mita 7.4 na kimo cha mita 1.5 ni mita za mraba 5.55. Tofali moja na uji wake linafunika kama 0.108. Yanatoka matofali 52, na ya kuvunjika 58. Hilo si la mradi huu, lakini nimeliandika ili lisije kusahaulika.

Nikatambaa kuelekea jikoni. Na hapo jibu likawa wazi kama mchana.

Si ukuta mmoja. Ni miwili. Ya tofali za inchi tano, imesimama sambamba bila kugusana, wa Bibi mfupi kwa mstari mmoja wa tofali. Kila mmoja milimita 125. Kati yake pengo: sentimita 5. Hesabu: 125 na 125 na 50 ni 300, lipu ya 15 kila upande, 330. Nilimulika ndani ya pengo. Vipande vya tofali, karatasi za mifuko ya saruji, kisoda kilichooza, na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa uzi wa kanga ambao ningeweza kuutambua. Vyote vimelowa. Juu ya pengo bati letu na bati la Bibi hayafikiani, yameachana kama kiganja, na hakuna gata wala kofia. Masika yote iliyopita maji yalikuwa yanaingia humo moja kwa moja, na hivyo vifusi vinayapokea na kuyasukumia kuta zote mbili.

Basi ndiyo maana. Lipu ya jikoni kwetu inavimba na kumenyuka kila mwaka, na sisi tumesema miaka yote ni pipa la maji la Bibi. Jikoni kwa Bibi nako kunamenyuka, na wao wamesema miaka yote ni sinki letu. Niliwahi kumsikia Mama akisema neno kuhusu hilo pipa ambalo sitaliandika.

Jumamosi, 29 Juni

Nimepeleka habari ya kuta mbili barazani, na Bibi, akijua siri imetoka, akacheka akaeleza. Palikuwa na mparachichi pale yalipo majiko. Marehemu Babu, mumewe Bibi, aliukata bila kuuliza, parachichi zikiwa mtini bado. Nyumba mbili zilinyamaziana msimu mzima, na ni katika msimu huo huo kila mmoja alijenga jiko lake. Babu alitangulia. Mama yangu alipojenga akakataa kujengea kwenye ukuta wake, akasimamisha wa kwake, na kuacha nafasi kwa sababu, asema Bibi, "hakutaka tofali lake liguse la kwetu." Waliposameheana lipu ilikuwa imeshapigwa.

Pamoja na hayo mchora ramani hataki hadithi, anataka uhakika, na darini niliona juu tu. Huenda chini pengo limejazwa zege. Tukatoboa. Kwa ruhusa ya Bibi, biti ya milimita 8 ya urefu wa sentimita 30, na spoku ya baiskeli.

Kabla ya drili nilikagua nyaya. Swichi na soketi zetu waya zake zinapanda wima, kwa hiyo nikatoboa mbali na mistari hiyo, kwetu na kwao. Kijana alipoona hivyo akasema wanataka kuchimbia soketi mpya upande wao, pale sebuleni. Ikabidi nimwambie anachokijua fundi wa umeme yeyote makini: mfereji wa kusimama usizidi theluthi ya unene wa tofali, wa kulala usizidi sehemu ya sita. Kwa tofali la 150 ni sentimita 5 na sentimita 2 na nusu. Na kwetu, usawa huohuo, kuna mfereji tayari. Mkichimba mgongo kwa mgongo mnabaki mmetenganishwa na ganda. Akasogeza alama yake nusu mita.

Sebuleni: vumbi la kijivu la lipu, halafu jeusi la tofali, maana mchanga wetu huku ni wa volkano, halafu kijivu tena, na drili ikatokeza kwa Bibi chini ya kalenda. Sasa spoku. Ile ncha yake iliyopinda, inayonasa kwenye habu ya gurudumu, ndiyo iliyonifanya niichague. Unaipitisha tunduni, unaizungusha, unaivuta taratibu mpaka kinundu kinase kwenye uso wa upande wa pili. Unabana kwa ukucha pale inapotokea kwako, unachomoa, unapima kuanzia kwenye pindo hadi ukucha. 182. Hesabu ya nondo ilisema 183.

Jikoni: kijivu, jeusi, na ghafla drili ikazama mbele, nusura nibusu ukuta. Hewa ya ubaridi ikatoka tunduni na harufu ya udongo uliolowa. Spoku ikanasa nyuma ya tofali letu: 140, yaani lipu 15 na tofali 125. Nikaisukuma mbele mpaka igonge cha Bibi: 190 na kitu. Nikatoboa tena sentimita 40 kutoka sakafuni, na huko chini pia ni wazi, ila spoku ilitoka na tope. Zege hakuna. Pengo linateremka mpaka chini.

Jumapili, 30 Juni

Bado kimoja. Mpaka uko wapi? Mbele ni rahisi: katikati ya ukuta. Nyuma, sote tulikubaliana, katikati ya pengo. Lakini je, katikati hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja?

Nimevuta uzi kutoka sebuleni hadi jikoni kupitia milango, sambamba na uso wa ukuta wa kati, nusu mita kutoka ukutani, nikaulinganisha sehemu mbili kule mbele. Jikoni uso wa ukuta wetu uko karibu zaidi na uzi: umejitokeza kwetu milimita 31. Jumla ya nyongeza ni 330 toa 183, 147, kwa hiyo kwa Bibi umejitokeza 116. Ukichora vizuri, katikati ya pengo imeingia upande wa Bibi kwa milimita 42 na nusu kutoka mstari wa mbele. Ukuta wetu wenyewe umeuvuka mstari huo kwa 17 na nusu.

Nikamweleza Bibi kwa kiberiti: upana wa kiberiti na kidogo, kwa urefu wa jiko. Ukilitandaza eneo hilo halifiki trei mbili za mayai.

"Na mama yako anajua?"

"Bado, Bibi."

"Mwambie. Halafu mwambie nimempa. Na hilo pengo la juu mtalifunika nyie, bati lenu, misumari yenu."

Mama alipopokea simu alikaa kimya, halafu akauliza parachichi kwa Bibi bado zinapatikana au atume za Kibosho.

Jumatano, 3 Julai

Karatasi imeandikwa, mwandiko wa kijana, sahihi za pande mbili, mashahidi wawili, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Mbele ukuta ni mmoja, wa pamoja, 183 na lipu, hakuna atakayeupandishia zege bila mwenzake. Nyuma kuta ni mbili, kila mmoja na wake, mpaka katikati ya pengo. Kwa fundi hii ni nafuu: mkanda wa jiko letu utakaa juu ya ukuta wetu wa 125 peke yake, hatugusi tofali la Bibi hata kidogo. Juu ya pengo kofia ya bati, imefungwa kwetu na kulalia bati lake bila msumari, ili Bibi akija kupaua aiinue tu. Vifusi vilivyofikika tumevitoa kwa ndoano ya nondo. Karai mbili na nusu. Kiota tumekiacha kwa kijana, anasema anakitaka.

Jioni nimempelekea mchora ramani kila kitu: mchoro, vipimo mara tatu tatu, picha za darini. Amesoma kwa utulivu, amechora kuta mbili kwa penseli na pengo katikati, amepiga mstari wa mpaka wenye kile kigoti cha milimita 42 na nusu. Nikasimama kuaga.

"Na chini," akasema, "msingi ni mmoja au miwili?"

Nimeazima sururu.